Kalondu na Bendera Nyekundu

Kalondu alijifunza kuchomelea chuma kabla ya kujifunza kuchukia, na kazi zote mbili alizifanya kwa bidii.

Aliletwa Voi na mumewe Kituku wakati nchi ilikuwa inapata Uhuru. Wote wawili walikuwa Wakamba kutoka upande wa Kibwezi. Kituku alikuwa ameacha kazi ya reli, akafungua karakana yake kando ya barabara ya kuelekea Sagalla, nje kidogo ya mji: paa la mabati, nguzo nne, injini ya dizeli yenye kikohozi, na mashine ya kuchomelea. Watu walileta malango, mikokoteni, mapipa ya maji yaliyotoboka. Katika nchi ile ya ukame pipa lililotoboka ni msiba, kwa hiyo kazi haikukosekana. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Mbithe, na Kituku alipoona mikono haitoshi alimwita mkewe.

"Usiuangalie moto," alimwambia, akimvisha kinga ya uso. "Angalia chuma. Moto utakudanganya, chuma hakidanganyi."

Kituku alikuwa mzee wa kanisa. Tangu abatizwe hakuwa ameonja pombe, hata ile ya asali inayopitishwa kwenye harusi za kwao. Wenzake walimtania kwamba damu yake ni chai. Alicheka nao.

Mwaka wa sabini na nne kikaja kituo. Watu wa chuo kikuu pamoja na wafadhili wa ng'ambo walichagua uwanda ulio chini ya mlima wa Sagalla, mbali na kelele za miji, wakasimamisha safu za milingoti na kuzifunga nyaya juu yake. Wenyeji walidhani ni simu ya serikali. Wengine walisema ni ya kuvuta mvua, na hao ndio waliosikitika zaidi baadaye. Mkuu wa kituo alikuwa Hudson Mwandawiro, mtu wa Wusi kwenye milima ya Taita aliyesoma Ulaya miaka mingi, nadhifu, mwepesi wa kutabasamu na mwepesi zaidi wa kukasirika. Chini yake alikuwako Wakesho, msichana wa Sagalla aliyekuwa akiitafuta shahada yake ya pili. Milingoti yote ilichomelewa na Kituku.

Baina ya kituo na karakana kulikuwa na mapatano. Cheche za kuchomelea hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yakiingia kwenye zile nyaya hakisikiki kingine. Kwa hiyo kituo kilipotaka kusikiliza mawimbi yatokayo angani kilipandisha bendera nyekundu kwenye mlingoti wa mwisho, na Kituku alipoiona alizima mashine, akaketi, akanywa chai mpaka ishuke. Hakuna aliyemlazimisha. Karakana ndiyo iliyotangulia pale.

Agosti ya mwaka uliofuata, siku ya upepo mkali, Kituku alianguka kutoka mlingoti mrefu kuliko yote. Walipomleta nyumbani alikuwa amekwisha kufa.

Uchunguzi ulifanywa kwa mkuu wa tarafa. Hudson alisimama na suti yake ya kijivu, akasema kwa sauti ya masikitiko kwamba marehemu alikuja kazini amelewa, kwamba yeye alimkataza kupanda, na kwamba marehemu alimtukana akapanda hata hivyo. Kalondu aliyekuwa ameketi benchi la nyuma alidhani hajasikia sawasawa. Akamuuliza jirani yake, "Amesema nini?" Jirani akatazama chini.

Neno hilo likafika kanisani kabla ya jeneza. Kanisa lao lilikuwa kali kwa walevi. Mchungaji Fanuel aliketi na wazee, watu walioimba na Kituku kwa miaka kumi, wakaamua kwamba jeneza lisiingie ndani. Kituku alizikwa kando ya karakana yake, bila wimbo. Hudson alikuja mazishini. Alimshika Kalondu mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana, mama. Pombe imetuharibia watu wengi."

Kalondu aliutazama mkono wake ndani ya mikono ile. Hakuuondoa. Alitaka kuukumbuka.

Alikaa ndani siku za matanga, hakula vizuri wala kulia vizuri. Halafu asubuhi moja ya Septemba alitoka, akavaa koti la Kituku lililojaa matundu ya cheche, akapanga kazi zilizokuwa zimelala. Jua lilipopanda aliinua macho akaona bendera nyekundu ikipanda kule uwandani, taratibu, kama kawaida, kama kwamba hakuna mtu aliyekufa.

Aliitazama mpaka ikafika juu. Kisha akawasha injini.

Alichomelea lango la mtu wa Mwatate, na lilipokwisha akachomelea pipa, na pipa lilipokwisha akachukua vipande viwili vya chuma chakavu visivyo na kazi akaviunganisha, akaongeza cha tatu. Hakunyanyuka mpaka bendera iliposhuka. Ndipo akazima, akanywa chai. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti chai ilikuwa na ladha.

Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na keshokutwa.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa tarishi wa kituo, kisha akaja Hudson mwenyewe, akaegesha Landrova mbali ili vumbi lisimfikie Kalondu. Siku hiyo alikuwa mwungwana.

"Mama Mbithe, nadhani hukuiona bendera."

"Naiona vizuri. Macho yangu mazima."

"Basi unajua tunasikiliza wakati huo. Mashine yako inatuharibia kila kitu."

"Mashine ni ya Kituku," Kalondu akasema. "Yule mlevi. Mlevi haelewi bendera."

Hudson akauliza, "Unataka nini?"

"Jumapili uje kanisani. Usimame pale ambapo jeneza lilikatazwa kuingia. Useme kwamba Kituku hakuwa amelewa."

"Siwezi kusema jambo ambalo si kweli."

"Ulikwisha kuliweza," Kalondu akajibu, akashusha kinga usoni. Hudson alilazimika kugeuka haraka ili moto usimchome macho.

Mara ya pili alikuja na chifu. Chifu alizunguka karakana, akatazama leseni, akakuna kichwa. Karakana ilikuwapo kabla ya kituo. Mama huyu ni mjane, anafanya kazi mchana, haibi, halali na mume wa mtu. Amshtaki kwa kosa gani? Mkuu wa tarafa naye alisema hayohayo kwa maneno marefu zaidi. Mjini watu wakaanza kuizungumzia habari hiyo. Wengine walimwonea Kalondu huruma, wengine walimwambia waziwazi kwamba uchungu wa kufiwa umemgeuza. Mchungaji Fanuel alimtumia ujumbe kwamba kisasi ni cha Bwana. Kalondu akarudisha jibu kwamba Bwana akihitaji vijiti vya kuchomelea, yeye anavyo.

Wakesho alikuja mwanzoni mwa Oktoba, kwa miguu. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye pipa lililopinduliwa, na Kalondu akaendelea kupanga vijiti vyake.

"Mama," hatimaye akasema, "najua una haki ya kukasirika. Lakini sikuja kwa niaba yake. Nimekuja kwa niaba yangu. Ramani ninayoitengeneza ndiyo shahada yangu. Nisipoipata mwaka huu watanirudisha nyumbani."

"Ramani ya nini?"

Wakesho aliyekuwa amezoea kuulizwa swali hilo kwa dhihaka alimtazama kwanza. Akaona anaulizwa kweli.

"Kuna galaksi moja katika kundi la nyota la Sentauri. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno, kama huu wetu. Siku hizi inapita kusini mwetu mchana, ndiyo maana bendera hupanda mchana. Katikati yake kuna kitu kizito sana. Hatujui vizuri ni nini. Gesi ikikikaribia inazungushwa kwa nguvu, nyingine inamezwa, na nyingine inatemwa nje, mkondo mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mikondo hiyo tunaiita jeti. Si gesi ya kawaida tena. Imepata moto mpaka chembe zake zimevunjika. Inaitwa plazma." Akaonyesha mashine kwa kidevu. "Hata ule mwanga wako unapochomelea ni plazma."

"Na kelele?"

"Zile chembe ndogo, elektroni, zinakwenda karibu kwa kasi ya mwanga. Zikikutana na nguvu ya sumaku zinapindishwa, zinazunguka na kuzunguka, na kila zinapopindishwa zinatoa mawimbi ya redio. Mikondo ile imepuliza mawingu mawili makubwa kuliko galaksi yenyewe, na yote yananguruma. Lakini mngurumo huo umesafiri mamilioni ya miaka. Ukifika hapa umebaki mnong'ono. Cheche zako zikiwaka, kalamu yetu inarukaruka kwenye karatasi kama mtu mwenye kifafa, na mnong'ono unapotea."

Kalondu alilifikiria jambo hilo kwa makini. Hakuliona la kipuuzi. Mtu aliyepindisha chuma miaka mingi anaweza kuamini kwamba kitu kikipindishwa kwa nguvu hulia.

"Basi nawe umepata kujua," akasema, "ilivyo kuwa na neno ambalo halisikiki kwa sababu mtu mmoja anapiga kelele."

Wakesho akaanza kulia. Alilia vibaya, kama mtoto, kamasi zikimtoka, na ndani ya kilio hicho yakatoka maneno ambayo hakukusudia kuyasema.

"Hakuwa amelewa. Nilikuwa pale. Nilimletea maji mimi mwenyewe."

Kalondu alikiweka chini kijiti alichokishika. "Sema."

Wakesho akasema. Wageni walikuwa wanakuja juma lile na mlingoti mmoja haukuwa umekazwa. Mshipi wa usalama ulikuwa umekatika siku chache kabla na Hudson hakuwa ameagiza mwingine. Kituku alikataa kupanda, akasema upepo utulie kwanza. Hudson akamwambia kwamba kama ni mwoga Mombasa kuna mafundi wengi. Kituku alimtazama kwa muda, akavua kofia, akampa Wakesho aishike, akapanda. Alipoanguka Hudson ndiye aliyefika kwanza. Na kabla hajamgusa aliinua kichwa akamwambia Wakesho, "Huyu alikuwa amelewa. Umeelewa? La sivyo tumekwisha sote."

"Nawe ukaelewa," Kalondu akasema.

"Nilielewa."

Kalondu alisimama, akaenda mpaka nguzo ya mwisho ya karakana, akaishika. Alikaa hivyo. Wakesho alisema baadaye kwamba alidhani atapigwa kwa nyundo na kwamba asingekimbia.

"Sikiliza," Kalondu akasema alipogeuka. "Sitakusamehe leo. Labda sitakusamehe kesho. Lakini siku utakaposimama kanisani ukasema ulichoniambia, bendera ikipandishwa na wewe, mashine yangu itanyamaza. Ikipandishwa na yule, nitawasha."

"Atanifukuza."

"Mimi nimebaki na kaburi kando ya kazi yangu. Wewe unaogopa kufukuzwa?"

Wakesho aliondoka bila kuaga. Bendera iliendelea kupanda kila siku na Kalondu aliendelea kuwasha. Rundo la vyuma visivyo na maana lilikua mpaka likafika kifuani, limeungana kila mahali, halina umbo. Hudson angeweza kungoja mpaka galaksi ihamie usiku, lakini alikuwa amewaahidi wafadhili ramani kabla ya mwaka kwisha, na barua zao zilikuwa zinaanza kuwa fupi.

Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya mahubiri, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, Wakesho alisimama. Hakuwa wa kanisa lile. Aliongea kwa sauti ndogo mpaka mzee mmoja akamwambia apaze, na alipopaza hakuweza tena kuishusha. Aliyasema yote, mshipi, upepo, kofia, na maneno ya Hudson juu ya maiti. Kalondu alikuwa ameketi nyuma kabisa, mahali alipokuwa amehamia tangu mazishi. Hakumtazama Wakesho. Alikuwa akiwatazama wazee mmoja mmoja, na kila mmoja alipokutana na macho yake aliinama.

Kesho yake Hudson akamfukuza Wakesho.

Alidhani amelimaliza jambo. Lakini mwishoni mwa Novemba wageni wale wa Agosti, ambao safari yao iliahirishwa baada ya kifo, walifika: wafadhili wawili, na Profesa Ndulu kutoka Nairobi ambaye kituo kilikuwa chini yake. Hudson aliwapanga mbele ya mashine ya kuchora. Asubuhi hiyo galaksi ilikuwa inakuja. Bendera ikapanda.

Kalondu alikuwa tayari ameshajaza dizeli. Alifanya kazi siku hiyo kama mtu anayepalilia shamba la adui kwa moto. Hakupumzika kati ya kijiti na kijiti. Kule kituoni kalamu iliruka, ikapasua karatasi, ikaruka tena. Hudson alianza kueleza habari za radi ya mbali. Mbingu ilikuwa tupu kama sahani. Profesa Ndulu alitoka nje, akatazama uwanda wote mpaka alipoona nuru ya buluu ikimetameta chini ya bati, akaanza kutembea kuielekea, na Hudson nyuma yake akisema, "Ni mwanamke mgonjwa, Profesa, amechanganyikiwa."

Profesa alikuwa Mkamba wa Kitui. Alimsalimu Kalondu kwa Kikamba, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mama wa mji alikozaliwa. Kalondu alizima mashine na kuinua kinga. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mama, unatuzuia kwa nini?"

Kalondu alimwonyesha kaburi, hatua chache kutoka pale. "Huyo ndiye aliyeisimamisha milingoti yenu. Muulize huyu aliye nyuma yako alikufaje. Muulize mbele yangu."

Profesa aligeuka. Hudson alifungua mdomo kurudia maneno aliyoyasema kwa mkuu wa tarafa, lakini Kalondu alikuwa amemsogelea, karibu mno, kinga mkononi, akiungoja uongo huo utoke. Watu waliokuwa wameleta mapipa yao walikuwa wamesimama pale, na wengi wao walikuwa kanisani Jumapili ile. Hudson aliwatazama. Akaufunga mdomo. Na kunyamaza kwake kulimwambia Profesa yote.

Uchunguzi ulifunguliwa upya, na kabla ya Krismasi Hudson alikuwa ameondolewa. Wakesho alirudishwa. Mwaka uliofuata alipandisha bendera mwenyewe kila ilipofaa, na Kalondu, ambaye bado hakuwa anamsalimu, alizima mashine na kuketi. Ramani ilikamilika. Wakesho aliileta karakanani, mawingu mawili yenye mistari kama ile inayoonyesha vilima kwenye ramani, na katikati kidoa. Kalondu aliitazama sana. "Ni nzuri," alisema. Kisha akamwita ndani, akampa chai, na huo ndio ulikuwa msamaha wake kwa Wakesho. Hapakuwa na mwingine.

Kanisa nalo lilitubu. Mchungaji Fanuel alikuja na wazee, akasema wanataka kumfanyia Kituku ibada waliyomnyima. Kalondu aliwaambia waje bila makoti yao mazuri, wabebe mawe kutoka kijito kikavu mpaka kaburini kwa mikono yao wenyewe, wamjengee. Walibeba tangu asubuhi, wazee wenye migongo mibovu, na yeye alisimama akihesabu nani ametua mzigo. Waliponyamaza kwa uchovu akawaambia, "Sasa imbeni."

Hudson alirudi mwaka wa sabini na saba. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha kwa muda mahali fulani, haikudumu. Unadhifu ule ulikuwa umemwisha. Alikuja mchana, kwa miguu, akasimama nje ya bati.

"Mama Mbithe. Nimekuja kuomba msamaha."

Kalondu hakuacha kupiga patasi. "Kwangu? Mimi hukuniita mlevi. Aliyeitwa mlevi yuko pale."

Hudson alilielekea kaburi. Kalondu aliweka patasi chini akamfuata, akasimama nyuma yake kwa mikono iliyofungwa kifuani. Hudson alipiga magoti juu ya mawe ya wazee, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sikusikia," Kalondu akasema.

"Nilisema, hakuwa amelewa."

"Nani?"

"Kituku. Kituku hakuwa amelewa. Nilimpandisha mimi, na mshipi haukuwapo."

Barabarani palikuwa na wanawake waliotoka sokoni Voi na vikapu vyao. Walikuwa wamesimama.

"Hao hawajasikia," Kalondu akasema. "Sema tena."

Akasema tena, kwa nguvu, sauti ikamkatika katikati. Kalondu alimfanya aanze upya. Mara ya mwisho ilipotoka nzima, mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka, aliitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Nenda."

"Umenisamehe?"

Kalondu alimtazama kama mtu anayeangalia kiungio cha chuma kama kimeshika au la.

"Hapana," akajibu.

Hudson aliondoka kuelekea stesheni, na wanawake wakamfungulia njia. Kalondu alirudi ndani. Mbithe, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alikuwa amepakua ugali na mboga ya kunde, na alimwuliza mama yake kama anajisikia vibaya.

"Nina njaa," Kalondu akasema, akaketi, akala chakula chote.